Mashimo Matatu Kwenye Trei

Njeri,

Mkebe uliouviringisha ndani ya sweta ya kijani nimeutoa mfukoni mwako. Usimwulize mama yako, yeye hakuugusa. Ni mimi. Nilingoja upige kona ya kwa fundi wa baiskeli ukienda kusukwa, nikaingia chumbani mwako, nikafungua zipu ya mfuko polepole kama mwizi. Na kwa kuwa mambo haya yalianza na wizi, tuseme nimerudi pale pale nilipoanzia.

Msusi wako anapenda hadithi kuliko nywele, hawezi kukuachilia kabla jua halijashuka. Sasa ni saa nane mchana. Kesho asubuhi unaondoka Subukia kwenda mpakani kuanza kazi ya ukaguzi wa mimea, na kuna jambo ambalo ni lazima ulijue kabla hujaondoka. Nimejaribu mara mbili kukuambia kwa mdomo. Mara ya kwanza nikakuuliza kama umeweka soksi za kutosha. Mara ya pili nikatoka nje kumwangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote. Kwa hivyo naandika.

Habari za kuchemsha maji ya kunywa, kuvaa nguo nzito na kutafuta kanisa mapema, utazisikia kwa mama yako, na utazisikia mara tatu. Mimi nina hili moja tu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukijiandaa kwa usaili wako? Wewe umekaa kwenye ngazi za baraza, mimi nimeshika kile kitabu chako cha sheria, nimevaa miwani ya marehemu mama yangu, shosho yako, kwa sababu yangu ilikuwa imevunjika. Nikawa naigiza mkubwa wa kamati. Nikakuuliza, mtu akitaka kuingiza nchini mmea uliobadilishwa jeni, afanye nini? Ukajibu bila kupumua: kibali huombwa kwanza, kabla sanduku halijaondoka huko linakotoka. Wataalamu hulichunguza ombi, hupima kama mmea huo unaweza kudhuru watu, mifugo au mimea mingine, na kibali kikitolewa kinasema ni mmea gani, unakwenda wapi, utafungiwa wapi, na nani atajibu ukipotea.

"Nani atajibu?" nikakubana.

"Mwenye kibali, Dad, na kila mwenye amekabidhiwa huo mmea. Hiyo ni rahisi, niulize ingine."

Nikageuza ukurasa haraka. Nyuma ya kichwa chako, kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia ambayo shosho yako aliipanga ukutani, yalikuwa yale maua yake ya rangi ya machungwa. Petunia. Yale uliyovaa kichwani siku ya kipaimara. Yale uliyokata tawi lake wiki mbili zilizopita ukalipanda kwenye mkebe ukaniambia, "Hii naenda nayo. Nikiamka huko border nione kitu ya shosho." Nilikujibu kwamba ni wazo zuri. Kisha nikashindwa kulala siku nne.

Maua hayo, Njeri, hayana kibali. Yalibadilishwa jeni huko ng'ambo, yakaingia nchini bila kutajwa, na mimi ndiye niliyeyatoa kwenye karantini nikayaleta hapa.

Ulipokuwa darasa la nne tulikuwa bado Karagita kule Naivasha, chumba kimoja, mlango wa bluu. Unajua nilikuwa msimamizi kwenye shamba la maua kando ya ziwa. Kile usichojua ni kwamba nilikuwa msimamizi wa greenhouse ya karantini, ile iliyosimama peke yake, yenye milango miwili na beseni la dawa ya kukanyaga mlangoni. Vipandikizi vyote vilivyotoka nje ya nchi vililetwa kwanza humo, vikakaa, vikakaguliwa, ndipo viruhusiwe kwenda kwa vingine. Nilijivunia kazi hiyo kupita kiasi. Nilikuwa na ufunguo shingoni, na niliwakemea watu kwa kosa la kuingia na kalamu iliyotoka nje.

Lakini kuna desturi moja Karagita ambayo hakuna mfanyakazi wa maua asiyeijua. Pale getini askari walikukagua mfuko na koti, lakini hakuna aliyefungua chupa ya chai. Kwa hivyo kila mtu alikuwa na chupa kubwa kuliko kiu yake. Maua yaliyovunjika shina, vipandikizi vya kutupwa, vyote vilitoka humo. Ukipita mistari ya vyumba vya kupanga ungeona mikebe mlangoni na ndani yake maua ambayo mwenye shamba alidhani yako kwake peke yake. Hatukuita wizi. Tuliita makombo. Mimi niliyekuwa na ufunguo shingoni niliwacheka watu wa makombo, nikajiona niko juu.

Mwaka huo shosho yako aliugua mapafu. Nilikuja kumwona hospitalini Nakuru, nikamkuta ameelekea ukutani, hataki uji wala maombi. Wiki hiyo hiyo tulipokea masanduku ya petunia mpya. Ua moja liliwahi kuchanua kwenye trei, na sijawahi kuona petunia ya rangi ile. Nilisimama pale kama mtoto dukani. Shosho yako alipenda maua kuliko watu wengine wanavyopenda nyama, nikafikiri, akiona hili atageuka. Nikang'oa miche mitatu na mizizi yake, nikaizungushia karatasi yenye maji, nikaitia kwenye chupa ya chai. Jumapili nikaileta Subukia nikaipanda mwenyewe.

Aliporudishwa nyumbani aliyaona akakaa kwenye kiti. Akaomba uji. Nakuambia hili si kwa kujitetea. Nakuambia kwa sababu ndivyo lilivyokuwa, na kwa sababu uongo mwingi huanza na kitu kizuri kama hicho.

Siku kumi baadaye ikaja barua kutoka kwa waliotuuzia. Rangi ile haikuwa ya kawaida. Kuna mtu aliwahi kuichokora jeni ya mmea ule, mbegu zikachanganyika na nyingine, na wao wenyewe walikuwa hawajui mpaka walipopima. Kibali chetu kilikuwa cha petunia ya kawaida. Kwa hivyo vyote vifungiwe, visitoke hata jani, serikali ijulishwe.

Mkaguzi alikuja kesho yake. Mama mmoja mfupi, koti jeupe, sauti ya chini. Alizunguka trei moja baada ya nyingine. Nilikuwa nyuma yake. Akasimama.

"Supavaiza, hii trei iko na mashimo matatu."

"Zilikufa, madam."

"Zilikufa zikaenda wapi? Hapa hata jani likikauka linawekwa kwa mfuko."

Akanigeukia, akauliza taratibu, "Kuna kitu chochote kimetoka hapa ndani?"

Njeri, mlango ulikuwa wazi. Ningesema ndiyo, iko Subukia kwa mama yangu, ingetumwa gari siku hiyo, ingeng'olewa, mimi ningefukuzwa kazi na hadithi ingeisha. Nikasema, "Hapana, madam." Nilikuwa naangalia viatu vyangu, vile vya mpira vya shamba. Kisha, kwa sababu aliendelea kunitazama, nikaongeza maneno ambayo ndiyo hasa sababu ya barua hii.

"Muulize Akinyi. Yeye ndiye humwagilia maji."

Sikusema ameiba. Miaka yote hii nimejishikilia hapo, kwamba sikusema ameiba. Nilisema tu aulizwe. Lakini shamba lilikuwa na hofu ya kunyang'anywa leseni, na lilitafuta mtu wa kumtoa nje ili lionekane limesafisha nyumba. Mtu huyo alikuwa ameshaoneshwa kwa kidole. Akinyi aliitwa ofisini saa nne, na kufikia saa saba alikuwa nje ya geti na buti zake mkononi.

Akinyi ni Mama Atieno. Najua umeshamkumbuka. Mlango wa tatu kutoka kwetu. Mama yako alipokuwa zamu ya usiku ulikula kwake, ukaoga kwake, na ulimwita Mama bila mtu kukufundisha. Walihama Karagita baada ya wiki mbili kwa sababu vyumba vile vilikuwa vya watu wenye kazi. Ulilia kwa ajili ya Atieno mpaka ukapata homa. Ulinijia nimekaa kitandani ukaniuliza, "Dad, Mama Atieno alifanya nini?"

Nikakuambia, watu wakubwa wana mambo yao. Nililala nimeelekea ukutani kama shosho yako hospitalini.

Utaniuliza, mbona hukuyang'oa? Nilijaribu. Niliacha kazi ile kabla ya mwaka kuisha, tukahamia hapa, na Jumapili moja watu wote wakiwa kanisani nikashika jembe nikaenda barazani. Nikakuta shosho yako amefunga kila shina kwa uzi wa sufu ili upepo usilivunje. Nikarudisha jembe. Nikajiambia, ni ua tu. Halili mtu, haliumi. Na labda ni kweli. Mpaka leo sijui kama lina ubaya wowote. Lakini si mimi niliyetakiwa kuamua hivyo. Kuna watu waliosomea kupima, na mimi niliwanyima nafasi ya kupima.

Kisha likaanza kusambaa. Unamjua shosho yako, hakuwahi kumnyima mtu kipandikizi. Kila mvua zilipoanza alikata matawi akagawa. Lilifika kanisani, likawekwa madhabahuni. Siku moja nilikuwa sokoni na mzee wa kanisa, anatuhubiria sote kuhusu mahindi ya GMO, kwamba yataua uzazi wa vijana wetu na kwamba yeye kitu cha kubadilishwa hakitavuka kizingiti chake. Na kwake nyumbani, Njeri, pande zote mbili za kizingiti hicho, petunia za shosho yako zilikuwa zinachanua kama zimelipwa. Watu wakaniuliza mimi niliyefanya kazi kwa maua nasemaje. Nikasema naona mvua inakuja. Nilicheka njia nzima kurudi, halafu nikafika barazani kicheko kikaisha.

Shosho yako alipofariki nilidhani nitapata nguvu. Sikupata. Ndipo ikaja barua yako ya kuajiriwa, ndipo nikakuona na mkebe.

Jumatano ile niliyosema naenda Nakuru kwa dawa ya mifugo, nilipitiliza mpaka Naivasha. Nilikuwa nimesikia Akinyi yuko Kihoto, karibu na ziwa. Nilimkuta kando ya barabara anakaanga samaki. Ziwa limefurika likamtoa kwenye nyumba mara mbili, sasa anakaa juu kidogo. Aliniona kabla sijavuka.

"Supavaiza," akasema. "Umezeeka."

"Akinyi, nimekuja kukuambia..."

"Najua chenye umekuja kuniambia. Nilijua siku ile ile. Nilipita ukiongea na yule mama wa serikali, ukaangalia viatu. Mtu mwenye hajachukua kitu haangalii viatu."

"Na mbona hukusema?"

"Ningeambia nani? Wewe si ndio ulikuwa supavaiza?"

Akageuza samaki. Hakunipa kiti, na hakuna sababu yoyote ambayo angenipa. Nilisema pole, nikaisema vibaya, nikairudia. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, "Njeri ako wapi siku hizi?"

Nikamwambia.

"Border? Kukagua maua?" Akacheka, lakini si kicheko cha kufurahi. Akafuta mikono kwenye leso. "Sikia. Hiyo pole yako rudi nayo, mimi siijui kazi yake. Nataka kitu moja. Huyo mtoto amekula kwangu kama Atieno. Mwambie. Mwambie kabla aanze kuandika watu majina."

Hakunisamehe, na sitaki udhani alinisamehe. Nilirudi nyumbani na harufu ya samaki kwenye koti, na mama yako akaniuliza ni dawa gani ya mifugo inayonuka hivyo.

Nilimwambia yeye juzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu: "Kwa hivyo miaka hii yote nimekuwa nikizimwagilia maji?" Tangu hapo hajanisemesha. Hivi sasa namsikia jikoni anakupikia chapati za safari, na anavyolipiga lile kaango, najua ni mimi anayenipiga. Ana haki.

Jana nilipiga simu kwa ofisi ya wakaguzi Nakuru. Nilipiga kabla ya kuandika barua hii makusudi, kwa sababu najijua. Ningeandika kwanza, ningeona nimeshatubu vya kutosha. Nilitaja jina langu lote na nambari ya kitambulisho. Kijana aliyepokea akaniambia, usizing'oe, usizichome, usitupe kwenye mboji, usimpe mtu hata tawi, na lililokwisha kukatwa lifunge ndani ya mfuko. Wanakuja Jumanne. Nikamuuliza kama nitafungwa. Akasema, "Mzee, hiyo sio story ya simu." Nimeandika nyumba nne ninazojua zina maua haya, pamoja na ya mzee wa kanisa, na nitatembea na wakaguzi mlango kwa mlango nikieleza mwenyewe. Hiyo nyumba ya mzee wa kanisa ndiyo ninayoiogopa kuliko mahakama.

Sasa kuhusu wewe. Nilimwambia kijana yule kwamba nina binti anayeanza kazi ya ukaguzi, na kwamba hakuwa anajua lolote. Hilo lilikuwa kweli jana. Ukishasoma mstari huu halitakuwa kweli tena, na ndiyo maana nimesita wiki mbili. Ukifika huko, kabla hujapewa koti jeupe, nenda kwa mkubwa wako umwambie baba yako alifanya nini. Usingoje asikie kutoka Nakuru. Inawezekana akakupa mkono, akakwambia kaa kazini. Inawezekana pia akakurudisha nyumbani na mfuko wako, na kosa langu litakuwa limemtoa kazini mwanamke wa pili. Ninaogopa, Njeri. Naogopa hilo kuliko Jumanne.

Lakini fikiria ule mkebe ungefika. Fikiria ungekaa dirishani mwa chumba chako, hatua chache kutoka uwanja ambako wewe unazuia mizigo ya wengine, na siku moja mwenzako mwenye jicho akauliza hilo ua la rangi hiyo limetoka wapi. Ungesema, kwa shosho yangu. Nani angekuamini? Nami ningefanya nini, ningekuonesha kwa kidole pia?

Sina ushauri mwingi. Nimefundisha watu wengi kukanyaga dawa mlangoni kisha nikatoka na ugonjwa kwenye chupa ya chai. Lakini kwa kuwa nilikuwa upande ule wa trei, naweza kukuambia kitu kimoja ambacho kitabu chako hakikusema. Ukikuta mashimo matatu na mtu akakuonesha mwingine kwa kidole, usimfuate haraka yule anayeoneshwa. Kaa kidogo na mwenye kidole. Mara nyingi anayemwagilia maji hajui kitu, na huwa ndiye wa kwanza kutoka getini. Yule mama wa koti jeupe alikuwa mkaguzi mzuri, aliuliza swali zuri. Laiti angesimama dakika moja zaidi. Nadhani ningesema. Au labda hilo pia ni uongo wangu mwingine.

Na ukipata nafasi siku ya mapumziko, pitia Kihoto. Usiende kwa niaba yangu. Nenda kula samaki. Atieno ana mtoto sasa.

Barua hii naiweka ndani ya sweta ya kijani, pale palipokuwa na mkebe. Utakaporudi utaenda moja kwa moja kuangalia kama ua lako limekunjika, nakujua. Ukimaliza kusoma, toka uje nje. Usipitie jikoni kwanza. Nitakuwa barazani nimekaa kwenye kiti cha shosho yako, na mkebe uko mbele yangu, umefungwa ndani ya mfuko kama nilivyoagizwa.

Simama pale kwenye ngazi ulipokuwa ukinijibu maswali, uniulize wewe sasa: kuna kitu chochote kimetoka hapa ndani?

Sitaangalia viatu.

Baba yako